Bunda moja, majibu mawili: mashine ya kuhesabia noti inapokosana na mkono wako

Swali: "Mimi ni mhasibu wa duka la jumla. Kila jioni tunahesabu mauzo kwa mkono, watu wawili, tunafunga noti mia mia kwa raba, na asubuhi napeleka benki. Mwezi huu nimeambiwa mara tatu kwamba bunda moja limepungua noti moja. Mara ya mwisho nilisimama palepale kaunta nikatazama. Mashine iliandika 99, keshia akarudia ikaandika 100, akarudia tena ikaandika 99. Akashika hiyo 99. Noti nyingine mbili ilizitema kabisa, na nina hakika ni halali, nilizipokea mwenyewe. Bosi ameanza kuniangalia kwa jicho la kando. Je, mashine inaweza kukosea? Inaweza kutegwa ili impunje mteja? Na tukinunua yetu, tatizo litakwisha?"

Pole kwa hilo jicho la bosi, kwa sababu anayepeleka fedha benki ndiye hutazamwa wa kwanza hata kama kosa limetokea sehemu nyingine kabisa. Nimekaa miaka mingi kwenye vyumba vya kuhesabia, kwanza nikihesabu, baadaye nikizitengeneza mashine zenyewe. Nianze na lile lililonikera zaidi katika maelezo yako: keshia kuchukua 99 kwa kuwa ilijitokeza mara mbili kati ya tatu. Kuhesabu si kupiga kura. Mashine ikitoa majibu mawili tofauti kwa bunda lilelile, inakuambia kuna kitu humo ndani kinachoisumbua, na mpaka kitu hicho kipatikane hakuna namba hata moja kati ya hizo inayofaa kuandikwa kwenye stakabadhi.

Ili uelewe kwa nini, inabidi ujue mashine inaona nini. Haioni noti kama wewe unavyoiona. Inaona kivuli.

Chukua ile ya kawaida ya mezani. Juu ina trei ambamo noti zinaegemezwa zikiwa zimelala kidogo. Chini yake kuna rola zenye mpira wa kukwaruza. Zikizunguka zinaivuta noti ya chini kabisa na kuipenyeza kwenye upenyo mwembamba. Ng'ambo ya upenyo huo kuna mpira mwingine ambao haufuati mzunguko, na kazi yake ni kuikaba noti ya pili isiiandame ya kwanza. Noti ina unene wa takriban milimita 0.1, ndiyo maana bunda jipya la mia moja lina unene wa kama sentimita moja. Upenyo huo basi unatakiwa upitishe kitu cha milimita 0.1 na uzuie cha 0.2. Noti ikishapita inakatiza mwale wa infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni, unaotoka upande mmoja kwenda kwenye kihisi kilicho upande wa pili. Mwale ukikatika, mashine inaongeza moja. Ukirudi, inasubiri ukatike tena. Mwisho noti inadakwa na magurudumu yenye mapezi yaliyopinda, yanailaza juu ya wenzake kwenye trei ya kupokelea. Kwa mashine inayohesabu noti 1,000 kwa dakika, kila noti inapata chini ya sekunde 0.06 kufanya safari hiyo yote mbele ya kihisi.

Sasa fikiria noti mbili zimegandana. Zinapita pamoja, kivuli kimoja, hesabu moja. Au noti moja imechanika katikati na mpasuko ukaangukia sawasawa mahali mwale ulipo: mwanga unakatika, unapenya kwenye mpasuko, unakatika tena. Vivuli viwili, hesabu mbili, noti moja.

Watengenezaji wanalijua hilo, na wameweka kinga. Kihisi hakiangalii tu kama kuna kivuli, kinapima pia kivuli kina giza kiasi gani, maana noti mbili zinazuia mwanga zaidi kuliko moja. Kinapima urefu wa kivuli, ili noti mbili zilizopandana kidogo zijulikane. Huwa kuna vihisi zaidi ya kimoja, ili nusu ya noti au iliyopita kimshazari ibainike. Mashine nyingine zinatumia mawimbi ya sauti isiyosikika, nyingine zina rola ndogo inayoinuka kulingana na unene wa kinachopita chini yake. Lakini kinga zote hizi zina mpaka unaowekwa na mtu. Noti iliyoshiba uchafu ina giza zaidi ya noti mpya. Iliyochakaa mpaka ikawa laini kama kitambaa inapitisha mwanga zaidi. Ukiweka mpaka mkali, mashine inasimama kila baada ya noti kumi na kulia. Ukiulegeza, inapitisha mbili kama moja. Na keshia mwenye foleni hadi mlangoni hulegeza. Nimeliona sana hilo, na mimi mwenyewe nimelifanya.

Vumbi nalo halisahauliki. Noti zinamwaga unga wa karatasi na wino kila zinapokwaruzwa, na unga huo unatua juu ya kioo kidogo cha kihisi. Mashine isiyofagiliwa wiki nzima ni kama mtu anayesoma kwa miwani yenye ukungu.

Turudi kwenye bunda lako. 99, 100, 99. Yawezekana lilikuwa na noti 100 kamili, mbili zikiwa zimegandana, na mara ya pili zikaachana. Yawezekana pia lilikuwa na 99 kweli, na noti moja iliyochanika ikahesabiwa mbili katika raundi ya katikati. Kwa macho tu huwezi kujua ni lipi, na keshia naye hawezi, lakini kulitofautisha hakuhitaji zaidi ya dakika tano.

Nilipokuwa bado mhesabuji tuliletewa bunda lililotoa 100, kisha 101, kisha 100. Msimamizi wetu, mtu wa maneno machache, aliligawa mara mbili, hamsini huku na zilizobaki kule. Fungu la kwanza likatoa 50 kila tulipolirudia. La pili likayumba: 50, 51. Akaliweka pembeni lile zuri, akaligawa hilo linaloyumba. Tukaenda hivyo mpaka zikabaki noti sita mezani, na mojawapo ilikuwa imechanika kutoka ukingoni hadi katikati, ikabandikwa plasta ya uwazi kwa haraka, ncha mbili hazikukutana. Ikiingia kwa upande wa kushoto, ule mwanya ulipita mbele ya kihisi. Bunda likigeuzwa kichwa kuwa mguu, mwanya ulipita mahali pasipo na kihisi chochote. Ndiyo maana jibu lilikuwa likibadilika: kila aliyerudia aliligeuza bunda mikononi bila kufikiri. Siku nyingine ukikuta majibu mawili, mwombe keshia akate bunda katikati kama hivyo, mbele yako. Ni ombi la kawaida, mtu wa kazi hawezi kulikataa.

Kabla ya hapo, kuna sababu moja ambayo ninyi wenyewe mnaitengeneza kila jioni, nayo ni raba. Raba inaminya bunda kiunoni, noti zinapinda, na usiku mzima zinazoea umbo hilo. Asubuhi zikitiwa kwenye trei hazilali sawa, rola inazishika upande mmoja kabla ya mwingine. Zile zenye kona zilizokunjwa zinapachikana moja ndani ya nyingine. Raba iliyozeeka inaganda na kuacha gundi. Pini za karatasi ni balaa zaidi kwa sababu zinakata mpira wa rola na kukwaruza kioo cha kihisi. Tumieni utepe wa karatasi, aliyehesabu asaini juu yake na kuandika tarehe. Kabla ya kufunga, nyosheni kona, geuzeni sura zote upande mmoja, na muondoe zilizobandikwa plasta mzifunge peke yake. Noti mpya zinazotoka benki nazo zichanganyeni na za zamani au mzipepee vizuri, kwa kuwa kingo zake bado zimeshikana tangu kisu cha kiwandani. Noti za plastiki zina vituko vyake: zikiwa mpya zinavutana kwa umeme tuli, na dirisha lake la uwazi linaweza kuonekana kama tundu kwa mashine isiyopangiwa noti hizo. Australia ndiyo iliyoanza nazo mwaka 1988, na kufikia 1996 noti zake zote za mzunguko zilikuwa za plastiki.

Kuhusu kutegwa. Sijawahi kufungua mashine nikakuta imechezewa ndani ili ipunguze hesabu, na sioni mwizi wa kaunta akijisumbua hivyo wakati ana mikono. Udanganyifu, na makosa yasiyo na nia mbaya pia, hutokea pembeni mwa mashine. Noti inayochomolewa wakati bunda linapigwapigwa mezani ili kingo zilingane. Noti iliyokwama ndani, keshia akafungua, akatoa mbili, ya tatu ikabaki tumboni. Mteja anayefuata ndiye anayepata ziada. Noti zikikwama, hesabu ya raundi hiyo inafutwa yote na bunda linaanza upya. Kuendelea pale ilipoishia ni kosa.

Kisha kuna vitufe. Mashine nyingi zina kitufe cha mafungu: ukiweka 100, inasimama ikifika 100 hata kama trei ya juu bado ina noti, na hizo zilizobaki ni rahisi kusahaulika. Kuna na kitufe cha kujumlisha, kinachoongeza hesabu mpya juu ya ya zamani. Kikiachwa kimewashwa, fedha zako zinaanzia pale za mwenzako zilipoishia. Na hesabu ya vipande haijui thamani. Noti ndogo moja ikijipenyeza kwenye bunda la noti kubwa, mashine itaandika 100 bila kusita, na upungufu utaonekana baadaye. Hapo ukubwa wa noti unasaidia kwa baadhi ya fedha tu. Noti za euro zinatofautiana, ya 5 ina milimita 120 kwa 62 na ya 100 ya toleo jipya ina 147 kwa 77; dola za Marekani zote zina kipimo kimoja, takriban 156 kwa 66, kwa hiyo mashine inayopima ukubwa haiwezi kuzibagua.

Kwa hiyo unaposimama kaunta usikodolee namba peke yake. Tazama sifuri kabla hajaanza, tazama trei ya juu imebaki tupu, tazama kama mfuko wa noti zilizokataliwa una kitu, na usikubali utepe utupwe hadi hesabu ikubaliwe. Utepe wenye saini ukishaingia kwenye pipa la taka, bunda lako limekuwa noti zisizo na mwenyewe.

Kuna na upungufu unaoletewa taarifa siku ya pili, na huo ndio unaowachanganya wengi. Fedha ulizoacha kaunta zinaendelea hadi chumba cha nyuma au kituo cha kuchambulia, kwenye mashine kubwa. Ile ya Giesecke+Devrient ya Ujerumani iitwayo BPS M7 hupitisha hadi noti 33 kwa sekunde, karibu 120,000 kwa saa. Kwa mwendo huo hakuna anayeisimamisha kila mteja anapobadilika. Fedha za kila mteja hutanguliwa na kadi yenye msimbo. Mashine ikiisoma inajua noti zinazofuata ni za nani, hadi ikutane na kadi nyingine. Humo zinapigwa picha nzima, zinatengwa kwa thamani, kwa sura na kwa hali. Zilizo nzuri zinatoka mia mia, zinazungushiwa utepe unaogandishwa kwa joto na kuchapwa alama. Chakavu zinawekwa kando, na kwenye mashine za baadhi ya benki kuu zinasagwa mumo humo bila kuguswa na mkono. Kadi ikiwekwa mahali pasipo pake, noti ya mtu inahamia kwa jirani, lakini kosa hilo lina dalili: jirani naye anakuwa na ziada ileile. Ukiletewa upungufu wa namna hiyo, ulizia kama kuna mteja aliyezidi siku hiyo.

Zile noti mbili zilizotemwa ni hadithi nyingine. Kutemwa si hukumu ya ubandia. Mashine ina orodha ya vipimo, na noti ikikosa kimoja inawekwa kando ili mtu aitazame. Kitufe kilichoandikwa UV ni taa ya urujuanimno: karatasi ya noti nyingi ni ya pamba na haina kemikali za kung'arisha, wakati karatasi ya kawaida inazo na inang'aa samawati chini ya taa hiyo. Noti halali iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa na sabuni ya unga inanyonya kemikali hizohizo, nayo inaanza kung'aa kama karatasi ya daftari. MG ni wino wenye sumaku, ambao hufifia kwa kuchakaa. IR inaangalia rangi zinazopotea na zinazobaki chini ya infraredi, na doa la mafuta linatosha kuivuruga. Zaidi ya hapo, mashine inatambua tu noti zilizomo kwenye programu yake. Noti mpya ya euro 5 ilipotoka Mei 2013, mashine zisizosasishwa ziliikataa ingawa ilikuwa halali kabisa.

Ninaupenda utaratibu wa nchi za euro kwa kuwa unatenganisha mambo haya kwa majina. Kundi la 1 ni kile ambacho mashine haikitambui kuwa noti, kinarudishwa kwa mteja. La 2 ni kinachoshukiwa kuwa bandia, kinazuiwa na kupelekwa kwa mamlaka. La 3 ni ambacho uhalali wake haukuthibitika wazi. La 4a ni halali na nzuri, la 4b ni halali lakini chakavu. Muulize keshia wako noti zako ziliangukia wapi. Kama alikurudishia mkononi bila neno, mashine pengine haikuzielewa tu. Zitenge na uombe zikaguliwe kwa mkono. Kama alizizuia, dai hati yenye namba za noti hizo. Na kama wewe mwenyewe umeanza kuzishuku, usizirudishe kwenye mauzo hata kama mlizipokea kwa nia njema. Zipeleke benki au polisi, uso kwa uso, ukiwa na maelezo ya lini na kwa nani.

Je, mnunue yenu? Kama mnafunga mabunda machache kwa siku, na noti mmeshazitenga kwa thamani, mashine rahisi ya kuhesabu vipande inatosha, tena kama mkaguzi wa mkono wenu, si badala yake. Hesabuni kwa mkono, pitisheni kwenye mashine, mkifanana fungeni. Kama noti zinaingia zimechanganyika, tafuteni inayosoma thamani, na hapo ningewashauri yenye mifuko miwili. Yenye mfuko mmoja husimama kila ikikutana na noti isiyoipenda. Ya mifuko miwili huitupa kando na kuendelea, na mtu akiwa na noti elfu kadhaa tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itatumika au itafunikwa kitambaa. Mashine ya kufunga utepe inaweza kusubiri, mkono unaifanya kazi hiyo vizuri. Muuzaji akikuambia mashine yake "inakamata bandia zote", mshukuru uondoke. Anayefaa ni yule anayeweza kukuambia nani atasasisha programu noti mpya zikitoka, na rola zikiisha zitapatikana wapi. Nenda dukani kwake na noti zako mwenyewe, zile chafu, uzipitishe mara kumi kabla ya kulipa.

Ikishafika, tengeni noti mia moja za hali ya kawaida zilizohakikiwa na watu watatu, mzifunge kama bunda la kupimia. Kila asubuhi lipitisheni kwanza. Likikosa 100, chomoeni umeme, fagieni njia ya noti na vioo vya vihisi kwa brashi laini na kitambaa kikavu, mjaribu tena. Likiendelea kuyumba, iteni fundi. Msikaze ile skrubu ya upenyo kwa kubahatisha. Robo mzunguko tu inatosha kuigeuza mashine inayokwama ikawa mashine inayopitisha mbili mbili kimyakimya, na ya pili ndiyo mbaya.

Kuhusu mapungufu matatu ya mwezi huu, nenda mwenyewe kwa msimamizi wa tawi, usipige simu. Beba nakala za stakabadhi na daftari lenu la jioni, uombe picha za kamera za ile siku ya 99, 100, 99 zitazamwe mapema kwa kuwa hazihifadhiwi milele. Kama mabunda yote matatu yalihesabiwa na mtu mmoja hapo dukani, au yalipokelewa na keshia mmoja, mwambie na hilo, bila kumtuhumu yeyote. Na bosi wako mwombe asimame pale mezani jioni moja, ahesabu bunda moja la raba kwa mkono wake, alipitishe kwenye mashine mara tatu.